Ufa Usio na Kivuli

3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Najua utaanza kwa kulalamika kwamba nimekaa miezi mitano bila kuandika, kwa hiyo nalalamika mwenyewe kabla yako: mimi ni mpwa mbaya, sina adabu, na marehemu mama angenifinya sikio. Haya, hilo limekwisha.

Sasa habari. Bustani ya michezo imenipa sehemu yako. Ndiyo, ile ile. Tangu mwezi uliopita mimi ndiye msimamizi wa mapambo wa upande wote wa mashariki, kuanzia kibanda cha tiketi za treni ndogo mpaka kwenye ukuta mkubwa. Na kazi niliyopewa ni kuurudisha Mji wa Magofu kama ulivyoujenga wewe na wenzako miaka thelathini na moja iliyopita.

Usiruke kwenye kiti, nakueleza. Unakumbuka ulipostaafu waliugeuza kuwa Bandari ya Maharamia, wakaweka mizinga ya kutema maji juu ya ukuta. Baada ya miaka tisa maharamia wakachosha watu, ukaja Ufalme wa Peremende, kila kitu kikawa cha waridi, hata mapipa ya taka. Sasa wale watoto waliokuwa wakijificha kwenye magofu yako wamekuwa wazazi. Wanakuja na watoto wao, wanasimama getini wakiuliza, "Ule mji uliobomoka uko wapi?" Meneja kasema wazazi ndio wanaolipa kiingilio, basi warudishiwe utoto wao.

Tumeanza kubandua rangi. Chini ya waridi kuna buluu ya maharamia, na chini ya buluu uko wewe. Juzi, kwenye kizingiti cha lile duka la dawa la uongo, nilikuta alama ya kidole changu, pale nilipobonyeza lipu mbichi nikiwa na miaka sita na wewe ukakataa kupasawazisha. Nilikaa chini nikacheka mpaka mafundi wakadhani nimevuta tapentaini.

Lakini nina jambo linaloninyima raha. Foleni ya treni ndogo inapita chini ya ukuta mkubwa. Mkaguzi wa majengo anataka nijaze fomu: nyufa zipi ni mapambo, na zipi ni nyufa kweli. Za mapambo hatazigusa. Kwenye daftari la matunzo nimekuta sentensi moja tu, mwandiko wako: "Nyufa za ukuta mkubwa ni mapambo. Zisizibwe. Zipakwe upya kila mwaka." Haisemi ni ngapi. Maharamia walikutii, walizipaka kila mwaka. Hawa wa peremende walizifukia tu.

Nimekuwekea picha tisa humu. Ziangalie taratibu, uniambie kama zote ni zako. Ufunguzi ni Jumamosi, tarehe 18 Aprili.

Na kwa nini hupokei simu niliyokununulia?

Mpwa wako,
Kidole


12 Machi

Kidole,

Marahaba. Umejilaumu vizuri, sina la kuongeza.

Simu yako iko kabatini, imelala ndani ya soksi. Ikilia nadhani kuna msiba. Barua humpa mtu nafasi ya kufikiri kabla hajasema upuuzi, na katika umri wangu nafasi hiyo naihitaji kuliko dawa.

Kwa kuwa sasa umekalia kiti changu, nikufundishe jambo. Mafundi wa mapambo huogopa mvua, jua na watoto wenye misumari mfukoni. Hao ni maadui wadogo. Ukijenga mji wa kesho, kesho yenyewe inafika na kuukuta umepitwa, na vile vitasa vyako vya kung'aa vinafanana na friji ya bibi. Hilo kila mtu huliona. Ukijenga mji wa kale, watu hudhani umenusurika, maana si tayari umezeeka? Hapana, mwanangu. Nao huzeeka, ila hauzeeki pale ulipochora. Unachora kutu kwenye bawaba, na kutu ya kweli inaanzia kwenye msumari uliojificha. Unachora ukungu chini ya dirisha, na ukungu wa kweli unaota kwenye bango la bei za soda. Baada ya miaka kumi una uzee wa aina mbili kwenye ukuta mmoja. Kazi ya fundi ni kujua upi ni wa nani.

Ndiyo maana nyufa zangu sikuzichora kwa brashi kama wanavyochora wavivu. Nilikuwa na njia yangu. Njia yenyewe nitakueleza siku ukija, mambo mengine hayaandikwi kwenye karatasi ya kupita mikononi mwa matarishi.

Nikuchekeshe kidogo. Mwaka wa kwanza wa Magofu, baba mmoja alikuja ofisini mwekundu kwa hasira. Mwanawe alikuwa ametia sarafu kwenye ufa, akiamini ni mdomo wa benki, na sarafu imeanguka chini. Nikamwambia, "Mzee mwenzangu, ufa ule hauna ndani." Akasema, "Basi mbona una giza?" Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupewa maishani, na aliyenipa alitaka kunipiga.

Picha nimeziona. Zimenifurahisha sana, hasa ile ambayo waridi limebaki pembeni kama mdomo wa bibi harusi. Nyufa zote ni zangu. Jaza fomu, ulale.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena. Nimeisoma barua yako kwa mafundi wakati wa chai, na ile ya sarafu imekuwa msemo hapa. Mtu akiulizwa swali asilolijua anajibu, "Mbona una giza?"

Fomu nimeijaza. Nimeandika kwamba nyufa zote za ukuta mkubwa ni mapambo, kwa ushuhuda wa fundi aliyezitengeneza, nikatia sahihi yangu chini ya jina lako la kazi. Mkaguzi aliisoma mara mbili. Akaniuliza, "Una hakika, dada?" Nikasema ninayo. Akaniuliza tena. Sijui kwa nini aliuliza tena. Labda ndiyo tabia yake, labda hata mkewe anamuuliza mara mbili kama chakula kimeiva.

Sasa nisikilize bila kukasirika.

Kwanza, picha zile zilikuwa nyeusi na nyeupe. Printa yetu haina wino wa rangi tangu Januari. Waridi uliliona wapi? Nimejiambia labda ulikuwa unakumbuka tu.

Pili, Kijiti bado yupo. Yule mchoraji mwembamba uliyemfundisha kushika brashi, sasa ana mvi na anavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Anasema nyufa zako zilikuwa kumi na moja. Anasema kila mmoja ulimpa mwenzako, ukaufanya utembee kama mwenyewe anavyotembea. Wake umenyooka kama fimbo. Wa mpishi unayumba. Wa fundi bomba unapanda, unasimama, unapanda tena, maana alikuwa mtu wa kusahau anakokwenda. Alinionyesha mmoja mmoja kwa kidole. Nikahesabu naye.

Mjomba, ziko kumi na mbili.

Kijiti anasema labda uliongeza mmoja yeye akiwa likizo. Inawezekana. Niandikie tu neno hilo moja, nipumue.

Na mistari ya barua yako inapanda mlima. Mwishoni mwa ukurasa ilipandana, "jaza fomu" imekaa juu ya "bibi harusi". U mzima kweli?

Kidole


29 Machi

Kidole,

Mimi ni mzima. Meza yangu ina mguu mfupi, nimeupa kipande cha kadibodi, mistari itanyooka.

Kijiti alikuwa mchoraji mzuri, lakini kuhesabu hakujaliwa. Siku ya mshahara alikuwa anamwomba mpishi amhesabie.

Kumi na moja ni za wenzangu. Wa kumi na mbili ni wangu mwenyewe. Hata fundi mkuu ana haki ya kutembea kwenye ukuta wake. Niliuchora mwishoni, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, ndiyo maana hakuna anayeukumbuka.

Kuhusu waridi, nimeishi na rangi miaka hamsini. Nikiona kijivu najua chini yake kulikuwa na nini.

Sasa acha kuniuliza kama mkaguzi. Umeniomba ushahidi, nimeutoa. Kazi yako iliyobaki ni vumbi: usisahau kwamba magofu bila vumbi ni nyumba ambayo haijamalizika kujengwa. Chukua vumbi la mbao, si la saruji, lipepete, ulichanganye na gundi iliyozimuliwa sana.

Mjomba wako


7 Aprili

Mjomba wangu mpenzi,

Umeniondolea jiwe kifuani. Nilipomwambia Kijiti kwamba wa kumi na mbili ni wewe, alivua miwani yote miwili akajifuta macho. Akasema, "Alistahili." Kisha akautazama kwa muda, akasema ajabu, mzee hakuwa anatembea vile. Nikamwambia watu hawajioni wakitembea.

Kazi imekwenda vizuri kiasi kwamba ninaogopa. Ukuta umerudi. Vumbi la mbao limekubali. Jana meneja alipita, akagusa mlango uliochorwa ili aufungue. Tulijikaza tusicheke.

Nikueleze kazi ya mwisho tuliyofanya, utaipenda. Tulipomaliza kusafisha, nyufa zote zilikuwa na kile kivuli chembamba upande wa kulia, kile kinachofanya zionekane na kina. Kimetokea vile vile kama siku uliyokiweka, kwenye nyufa zote isipokuwa mmoja. Ule wa saba kutoka getini ulikuwa mweusi mtupu, kivuli chake kimefifia chote. Basi mchoraji wetu mpya, binti mmoja mwenye mkono mwepesi, ameuongezea. Amepatia kabisa. Sasa zote kumi na mbili zinafanana, hata mimi siwezi kujua ni upi.

Kuanzia tarehe 13 hutanipata. Wiki ya mwisho simu zetu zinakusanywa getini na sisi tunalala humu humu bwenini, maana wakubwa wanaogopa picha zisivuje kabla ya siku. Shule tatu zimealikwa kwa ufunguzi. Treni ndogo ndiyo ya kwanza kuondoka, saa tatu asubuhi, na foleni itaanza saa mbili chini ya ukuta wako.

Ninaota ndoto mbaya, lakini Kijiti anasema kila msimamizi huota kabla ya ufunguzi. Wewe ulikuwa unaota nini?

Kidole


16 Aprili, jioni

Mwanangu Kidole,

Hunijui. Mimi ni jirani ya mjomba wako, nesi mstaafu, watu wote hapa huniita Sista. Barua hii anakuletea yeye mwenyewe mfukoni mwa koti. Hajui nilichoandika. Nimemwambia ni orodha ya dawa zake, akupe wewe uitunze.

Mjomba wako haoni. Jicho la kulia limekwenda mwaka wa pili sasa, la kushoto linapambanua mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu mlangoni, basi. Barua zako nimekuwa nikimsomea mimi. Zake huandika mwenyewe kwa kuweka rula juu ya karatasi na kuishusha kidogo kidogo, na mkono ukichoka rula huteleza. Hakuna mguu mfupi wa meza. Aliniapisha nisikwambie. Nimeuguza watu miaka thelathini na minne na sijavunja kiapo cha mgonjwa hata kimoja. Hiki ndicho cha kwanza, Mungu anisamehe.

Picha zako zilipofika niliomba nimweleze kilichomo. Akasema picha za mafundi si za wauguzi. Akaenda nazo dirishani, akazishika muda mrefu sana, nikajua haoni kitu, na yeye akajua kwamba najua. Tukanywa chai.

Barua yako ya tarehe 7 imefika leo mchana. Nilipofika pale kwenye kivuli kilichofifia, kikombe kilimponyoka. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Lete zile picha." Nikazitandaza mezani, akaniuliza kuhusu kila ufa, mmoja mmoja: upande wa kulia kuna mstari mwembamba? Upo, upo, upo. Wa saba, nikamwambia haupo. Akainamia meza nikadhani kapatwa na kiharusi, nikamshika mkono kupima mapigo.

Kisha akanieleza, nami nakuandikia kama alivyosema. Kivuli cha nyufa zake hakikupakwa. Rangi yake ilichanganywa ndani ya lipu yenyewe ikiwa mbichi. Hakiwezi kufifia mpaka ukuta wenyewe uishe. Ufa usio na kivuli haukufanywa na mtu. Na alisema tena, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Sikuwahi kujichora, Sista. Nilimdanganya mtoto."

Nimepiga simu yako, imezimwa. Nimepiga ofisini kwenu mara nne. Mara tatu haikupokelewa. Mara ya nne binti wa mapokezi alinisikiliza, akasema tiketi za wazee ni nusu bei na malalamiko yatapokelewa baada ya ufunguzi. Nikamwambia ukuta utaangukia watoto. Akasema, "Mama, ule ni wa magofu, ndivyo ulivyotengenezwa."

Nilitaka kwenda mimi, lakini magoti yangu hayapandi basi. Isitoshe amekataa. Anasema wa kuaminiwa kuhusu ukuta ule ni yeye tu, kwa kuwa neno lake ndilo lililoandikwa kwenye fomu. Anaondoka kesho na basi la saa kumi na mbili asubuhi. Nimemwombea kiti nyuma ya dereva, na kondakta ameahidi kumshika mkono mpaka getini kwenu.

Ukimwona anatabasamu akitazama kidogo pembeni ya uso wako, ujue hakuoni. Msogelee wewe.

Sista


22 Aprili

Sista,

Shikamoo, na samahani kwa kukuweka roho juu siku tano. Amefika. Yuko hapa kwangu, amelala kwenye kochi, na kidole chake kimefungwa bendeji.

Alifika Ijumaa saa tisa alasiri. Askari wa getini alikuja kunitafuta, akasema, "Kuna mzee pale nje, anasema amekuja kuona ufa." Nilipotoka alikuwa amesimama wima, koti limefungwa vifungo vyote, anatabasamu akitazama bega langu. Akasema, "Marahaba," kabla sijamwamkia. Kisha akasema, "Nipeleke ukutani. Orodha ya dawa utaisoma baadaye." Nilimkabidhi kwa Kijiti, nikaisoma barua yako nikiwa nyuma yao, nikitembea.

Hakuomba kuonyeshwa wa saba. Alianzia getini, akaupapasa kila ufa kwa kidole cha shahada, kuanzia magotini mpaka mkono ulipofika. Kwenye kila mmoja alitaja mtu. "Mpishi." "Fundi bomba." "Kijiti, wewe huyu." Kijiti akajibu, "Naam," kama mtoto darasani. Mafundi wote waliacha kazi. Alieleza huku akienda, unamjua alivyo: ufa uliokwaruzwa kwenye lipu mbichi una kingo za mviringo, kama mdomo wa kikombe. Ufa uliopasuka kwenye lipu kavu una makali, hata ukiupaka rangi mara ishirini.

Akafika kwenye wa saba. Aliupandisha mkono taratibu, akausimamisha, akauchomoa na kutuonyesha. Damu. Akasema, "Huu si wangu."

Meneja alikuja mbio. "Mzee, ufunguzi ni kesho." Mjomba akamwambia, "Vizuri. Waalike na wachimba kaburi." Meneja akanigeukia mimi: fomu ina sahihi ya nani? Nikasema yangu. Mjomba akasema, "Na uongo uliomo ni wangu. Andika hayo yote mawili." Mkaguzi aliitwa. Alipotoboa tundu la kwanza, maji yakatoka. Sista, maji! Kumbe ni bomba la ile mizinga ya maharamia. Walipokuja wa peremende waliondoa mizinga, wakadhani waliotangulia wamefunga bomba. Waliotangulia walidhani linafungwa na wanaokuja. Lilianza kuvuja ndani ya ukuta tangu enzi ya maharamia, likaendelea miaka yote hiyo, na nondo zimeliwa. Na ufa uliotokea, maharamia waliupaka rangi kila mwaka, kwa utiifu, kwa sababu daftari lilisema zipakwe.

Upande wa mashariki haukufunguliwa. Jumatatu mafundi waligonga mara tatu tu, kipande cha ukubwa wa kitanda kikashuka pale ambapo foleni ingesimama. Niliusikia mshindo nikiwa ofisini. Tangu hapo nikifunga macho nausikia.

Nimepewa barua ya onyo. Nimeiweka kwenye droo na sijaibishania. Hospitali wanasema jicho la kushoto wanaweza kulizuia lisizidi kuharibika, la kulia ndiyo basi.

Siku mbili hatukuzungumza juu ya yale mengine. Nilimpikia, akala, akasifu, nikaosha vyombo kwa kelele. Jana akaniuliza, "Unajua kwa nini nilikudanganya?" Nikasema najua, ni macho. Akasema, "Hata mimi nilidhani hivyo mpaka kwenye basi. Uliniuliza kama fundi anavyomuuliza fundi. Sikutaka uende kuuliza kwingine." Nikamwambia ningeuliza wapi, mjomba? Alinyoosha mkono kutafuta kichwa changu akapata sufuria.

Soksi yenye simu iko wapi? Itafute ukae nayo wewe, niwe nakupigia kwa namba yake.

Kidole


2 Agosti

Kwa fundi wa mapambo atakayekuja,

Sikujui, na labda bado hujazaliwa. Naomba uivumilie barua ndefu ya mzee. Imewekwa kwenye daftari la matunzo mahali pa sentensi yangu ya zamani, ambayo ilikuwa fupi na nusura iue watu. Mwandiko ni wa mpwa wangu. Maneno ni yangu, isipokuwa pale anapocheka.

Ukisoma haya, huenda mahali hapa pameshageuzwa kuwa jangwa, au nyota, au kitu ambacho mimi sina jina lake. Usione haya, ndiyo kazi. Watoto hukua wakataka kingine, kisha huzeeka wakataka kile cha kwanza. Nakuomba tu, kabla ya kupaka la kwako, uulize la mwenzako liliacha nini ndani ya ukuta. Usidhani amefunga bomba. Nenda ukalifunge.

Ukuta huu ni mpya. Ule wangu ulibomolewa wote mwezi wa Mei, nami nilikaa kwenye kiti nikiusikiliza. Walikata kipande kimoja tu wakakirudisha kwenye kizingiti cha duka la dawa: kina alama ya kidole cha mtoto wa miaka sita. Usikisawazishe.

Nyufa tumezikwaruza upya, lipu ikiwa mbichi, rangi ya kivuli ikiwa ndani ya lipu. Kwa kuwa sioni, nilizichora kwa kidole mgongoni mwa mpwa wangu, naye akazipeleka ukutani hapo hapo kabla mgongo haujasahau. Ule wa mpishi ulimtekenya, ndiyo maana unayumba kuliko zamani. Una kingo za mviringo, jaribu. Zote zina kingo za mviringo.

Ziko kumi na moja, na majina yake yako ukurasa wa nyuma. Mpwa wangu alitaka anichoree wa kumi na mbili uwe wangu. Alikuwa ameshika msumari, lipu inaanza kukauka, na Kijiti amesimama na miwani yake akisema, "Mkubali, mzee, mkubali." Nilitamani. Lakini nikamwambia ashushe mkono.

Kila mwaka, kabla ya likizo, zihesabu kwa kidole. Ukipata wa kumi na mbili, usije ukadhani ni mimi. Waondoe watoto kwanza, kisha uite mkaguzi.

Fundi wa kwanza wa ukuta mkubwa